Wanyama Wanaokwenda Zao

9 Februari

Mwanangu Spana,

Kadi ya kamera imefika. Dereva wa lori la mahitaji aliileta mpaka barazani, ikiwa ndani ya kiberiti, na kiberiti ndani ya soksi yako. Soksi nimeifua. Ilikuwa na tundu kisiginoni, nimeliziba, utaikuta humu.

Mimi mzima. Mgonjwa ni cherehani, inaruka mishono, na sare za shule zilizobaki ni thelathini na moja, zote za watoto wanaokua haraka.

Nilivyoelewa barua yako ni hivi, unisahihishe kama nimekosea. Huko kituoni simu haishiki kabisa. Wewe unatengeneza magari ya watu wanaohesabu wanyama, na gari likiwaharibikia porini unapiga picha huku ukisubiri injini ipoe. Unataka watu wa kile Kikundi cha picha za porini wazione, na wao wako kwenye simu zao huku mjini. Kwa hiyo mimi nichukue kadi, niipeleke kwa Mama Fotokopi pale stesheneri, aiingize kwenye kompyuta yake, nichague picha mbili kila wiki, yeye aziweke kwenye Kikundi kwa jina lako, na chini yake niandike maneno machache. Basi. Mtu aliyeishia darasa la tatu amekuwa mkurugenzi.

Tulikwenda Jumatatu. Kioo cha kompyuta yake ni kikubwa kama mlango wa kabati. Wa kwanza kutokea alikuwa simba, uso mzima, na masharubu. Nilirudi nyuma nikakalia karatasi za mtihani za mwalimu mmoja aliyekuwa anangoja kurudufishiwa. Mwalimu hakupendezwa.

Zile nyingine nilizitazama vizuri. Yule pundamilia mistari yake haikutani begani. Mimi nikimpelekea mwalimu mkuu shati la namna hiyo ananirudishia. Ila kwake imependeza, sijui kwa nini.

Nimechagua mbili. Tembo anakwenda zake, na twiga anakwenda zake. Nimeandika, "Tembo, anarudi kwao. Hakumdhuru mtu." Na twiga, "Naye ameondoka salama." Zilizobaki tumeziweka akiba.

Sasa nikuulize jambo, unijibu kweli. Juzi Mama Fotokopi alinisimamisha njiani mbele za watu akaniambia una wafuasi mia nne na kumi. Nilimwambia mwanangu ni fundi wa magari, hana dini yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Spana, kama umeanza kuwahubiria watu huko porini, niambie mimi kwanza kabla mama yako mdogo hajasikia.

Vaa sweta.

Mama yako


24 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya gari, oili ikanidondokea usoni kwa kucheka. Wafuasi ni watu wanaozifuatilia picha zangu, basi. Sina dini. Nina kamera ya mitumba.

Asante kwa soksi. Asante kwa kwenda stesheneri. Najua Mama Fotokopi anavyotafuna maneno ya watu, na umekwenda hivyo hivyo.

Humu kuna kadi ya pili. Alhamisi nimempiga simba jike asubuhi na mapema, jua likimwingia machoni. Ni namba 31. Mama, hiyo ndiyo picha. Nyingine zote ukizikosa hewala, lakini 31 naomba uiweke.

Nikueleze kwa nini. Mwisho wa Juni Kikundi kinafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Kila mwanachama anatundikiwa picha moja, itakayochaguliwa na kamati kati ya alizokwisha kuziweka kwenye Kikundi. Haiwekwi, haionekani, haitundikwi.

Nimelala chini ya magari miaka kumi na miwili. Kazi yangu ikiwa mbaya, gari linarudi na mwenyewe ananitukana. Ikiwa nzuri, linaondoka na vumbi lake, na mimi sioni tena nilichokifanya. Nataka mara moja tu kitu changu kibaki ukutani, mtu asimame akitazame, na jina langu liwe chini yake. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu ile baiskeli.

Usiogope. Huwa niko mbali sana na wanyama.

Mwanao,
Spana


10 Machi

Mwanangu Spana,

Namba 31 ilikataa kuingia. Ni mashine. Mama Fotokopi alijaribu, ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Mimi sijui mambo ya mashine.

Badala yake nimeweka fisi. Fisi alikubali mara moja. Nimeandika, "Fisi, ameshiba, anaondoka." Na wale nyati watatu wanaopanda kilima nimeandika, "Hawa nao wana haraka na kwao." Watu wamependa sana. Mmoja ambaye ni daktari wa meno ameandika kwamba alikaa na yule fisi jioni nzima akifikiri juu ya maisha yake. Nilimwonea huruma.

Mama yako mdogo alipita hapa nikamsomea barua yako. Nilipofika "nimempiga simba jike asubuhi na mapema" akanishika mkono, akauliza huyo simba alikuwa amemkosea nini mtoto. Nilimweleza ni picha. Akasema sawa, lakini akaondoka bila kumaliza chai, na sasa ukoo mzima unajua umepigana na simba. Mjomba wako anasema ulianza ugomvi tangu shuleni.

Maswali yangu ni haya. Hayo magari yana vioo au ni turubai? Ukisema "mbali sana", ni mbali kama kutoka kwetu hadi kisimani, au kama kutoka barazani hadi jikoni? Na injini ikipoa, inachukua muda gani kuwaka? Usinijibu "usiogope". Hilo si jibu la swali hata moja kati ya hayo.

Cherehani imepona. Ilikuwa sindano tu.

Mama yako


2 Aprili

Ndugu Mwanachama,

YAH: PICHA ZAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Katibu wa Kikundi. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mbili, na kwa muda wote huo sikuwahi kumwandikia mtu barua ya furaha. Naomba unisamehe ikiwa sijui inavyoandikwa.

Tangu Februari umeweka picha kumi na sita. Wanyama kumi na sita, na wote, bila kumbakiza hata mmoja, wametupa mgongo. Mwanzoni kamati ilidhani ni bahati mbaya. Mweka hazina alisema huenda unachelewa kuinua kamera. Lakini kufikia nyumbu wa wiki ya tano tulielewa kwamba tuko mbele ya mtu mwenye msimamo. Kila mpiga picha anamkimbilia mnyama usoni. Wewe pekee unamruhusu aende zake. Na yale maneno yako mafupi, "Huyu naye kafika kwao", yamezungumzwa kwenye mkutano kwa saa nzima.

Wanachama wameanza kukuiga. Daktari wetu wa meno ameweka mgongo wa mbwa wake. Haukufanana hata kidogo.

Kamati inapendelea yule fisi kwa ajili ya maonyesho. Hata hivyo, kwa mujibu wa kanuni, una haki ya kuweka picha nyingine hadi tarehe 15 Juni saa kumi jioni, na kuitaja kuwa ndiyo yako.

Wako katika picha,
Katibu


19 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Namba 31 haikukataa kuingia. Aliyekataa ni wewe.

Nimepata barua ya Katibu. Nimeisoma mara tatu nikidhani imekosea bahasha. Migongo kumi na sita. Mama, kwenye zile kadi kuna nyuso mia na zaidi. Kuna tumbili anapiga chafya. Kuna simba jike mwenye jua machoni, ambaye nilimngoja siku nne. Na mimi huku nakwenda nikijua watu wameshamwona, kumbe wanatazama matako ya fisi.

Dereva wa kituo sasa ananiita Bibi Migongo. Nikipita anageuka.

Sitaki kutundikwa kwa ajili ya fisi yule. Fisi yule ni chaguo lako, si kazi yangu. Humu kuna kadi ya tatu. Namba 7 ni chui juu ya jiwe, ananitazama. Hakuna kitu nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu kinachofika hapo, hata injini. Naomba namba 7 iwekwe kabla ya tarehe 15 Juni, na iandikwe kuwa ndiyo yangu. Nyingine fanya upendavyo.

Mwandiko usikushangaze. Spana iliniteleza ikanibonyeza kidole kidogo, ndiyo maana.

Mwanao,
Spana


5 Mei

Mwanangu,

Kabla sijakusomea makosa yako, nikubali yangu. Ni kweli, mashine haikukataa. Mama Fotokopi alikuwa tayari kidole kiko juu, nikamwambia toa. Sikukusudia kukuharibia. Ila mnyama akinipa uso najua wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Akinipa mgongo najua anakwenda na wewe umebaki. Kila wiki nilikuwa natafuta picha mbili zinazosema umebaki. Nikizipata nashona vizuri. Sikujua watu watazifikiria.

Sasa yako.

Herufi zako zimelala kama walevi. Kidole kidogo hakiandiki, Spana. Hata mimi wa darasa la tatu naandika kwa vidole vitatu na hicho kidogo kinapanda bure kama abiria. Nikaenda stesheneri, nikamwambia Mama Fotokopi leo tusiruke hata moja, tufuate namba, kama ninavyopanga vipande vya sare kabla ya kushona.

Namba 11, nyati, yuko mbali, sawa. Namba 12, nyati, si mbali. Namba 13, upande wa gari, na nyati amegeuka. Namba 14, pua. Mwanangu, pua tupu, hata Mama Fotokopi aliacha kutafuna karanga zake. Namba 15, mbingu. Namba 16, mbingu, na tawi. Namba 17, kiatu chako cha kushoto, nakijua, kamba nilibadilisha mimi, na mguu haumo. Namba 18, nyasi zimelala ubavu. Baada ya hapo hakuna picha siku tisa, Mama Fotokopi amenionyesha tarehe zimeandikwa pale chini. Wewe ambaye kwa siku unapiga hamsini.

Ulisahau kuzifuta. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasahau hivyo hivyo makombo kwenye kola.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Namba 7 siiweki. Sijaitazama na siitazami. Nilipofika sita nilimwambia hiyo moja tu airuke, aende nane. Mimi siwezi kuchukua kwa mkono wangu kitu kitakachokufanya urudi tena pale kutafuta kingine. Kama ni ukuta, kuna ukuta hapa sebuleni, njoo utundike unachotaka. Gereji ya pale kona inatafuta fundi, nimeuliza. Mwenyewe ana meno mawili lakini ni mtu mwema, na mnyama pekee aliyepo ni paka.

Niandikie kweli umeumia wapi. Nimekaa barazani nawaza kila kiungo kwa zamu.

Mama yako


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Ni kifundo cha mkono wa kulia. Kilivunjika, kikafungwa plasta, wiki ijayo wanaitoa. Barua ile niliandika kwa mkono wa kushoto, na hii pia. Hakuna kiungo kingine, acha zamu.

Kweli yote ni hii. Picha ya 11 na ya 12 nilipiga nikiwa ndani ya gari. Kisha gari likagoma. Mimi ndiye fundi, na mwingine ni dereva, ambaye akiona waya anatubu dhambi zake. Nikashuka kugonga betri, kamera shingoni. Nyati akaamua kurudi njia ileile. Nikakimbia kuzunguka gari, kamera ikijipiga yenyewe, nikajikwaa kwenye jeki niliyoiacha mimi mwenyewe chini, nikaangukia mkono. Nyati akapita zake. Hakunigusa. Aliyenigusa ni jeki.

Ndiyo maana nasema, Mama, mkono huu haukuvunjwa na picha. Ulivunjwa na kazi, ileile kazi unayotaka nije kuifanya pale kona. Na kule kuna jeki nyingi zaidi.

Chui nilimpiga kutoka ndani ya gari. Milango imefungwa. Kioo nilikishusha kiganja kimoja, maana kupitia kioo kichafu picha inatoka kama moshi. Hatua thelathini na mbili. Baadaye alipoondoka tulipima, dereva akihesabu kwa sauti.

Wewe uliuficha uso wa simba ili ulale. Mimi nikakuficha mkono ili ulale. Na bado hulali. Basi tuache.

Sitakuandikia tena kukuomba. Kadi iko kwako na lori haliwezi kwenda na kurudi mara mbili kabla ya tarehe 15. Naweza kumwandikia Mama Fotokopi nikupite, nilishaanza hiyo barua. Nimeichana. Wewe ndiye mwenye kadi, utaamua wewe. Ukisema hapana nitajua ni hapana, nitaikubali, na Desemba nitakuja nyumbani tutakula kama kawaida. Lakini sitakuwa nimeelewa.

Mwanao,
Spana


17 Juni

Ndugu Mwanachama,

YAH: MAELEZO YA PICHA YAKO KUZIDI KIWANGO

Nakiri kupokea picha yako ya chui, iliyowekwa kwenye Kikundi tarehe 15 Juni, saa tisa na dakika hamsini na nne alasiri, ikitajwa kuwa ndiyo yako kwa maonyesho.

Kamati iliitazama. Mweka hazina alisimama bila sababu, kisha akaketi.

Tatizo ni moja. Kanuni ya nne inaruhusu maelezo ya maneno kumi. Maelezo yaliyoletwa ni haya:

"Chui. Anamtazama mwanangu. Mwanangu yuko ndani ya gari, milango imefungwa, kioo kimeshushwa kiganja kimoja, kiganja cha mwanamke. Ni hatua thelathini na mbili na shahidi ni dereva. Mkono wake unaendelea vizuri na haukuvunjwa na huyu."

Hapa ndipo tulipofahamu kwamba mwandishi wa maneno ya picha zako si wewe. Iliibuka hoja ya kupunguza. Tulijadiliana kwa saa mbili ni maneno gani kumi yabaki, na kila mjumbe alikuwa na kumi yake. Mwishowe tuliibadilisha kanuni.

Aidha, daktari wa meno anauliza ni mkono gani.

Wako katika picha,
Katibu


29 Juni

Mwanangu Spana,

Nakuandikia Jumapili asubuhi, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, maana jana nilisimama kutwa.

Tulikwenda mimi na Mama Fotokopi. Yeye alivaa viatu asivyoviweza, kwa hiyo nilifika ukumbini nimemshika mkono kama bibi harusi. Katibu alitupokea mlangoni. Kwa barua zile nilimtarajia mtu mrefu. Ni mfupi, na tai yake ndefu, nusura nimwambie aniletee nimkatie. Aliniita Mama Mwandishi. Nikageuka nyuma kumtafuta.

Kitu kimoja sijakuambia. Siku ile ya tarehe 15 nilikaa barazani tangu asubuhi na barua yako mapajani, sikushona hata kifungo. Niliisoma pale uliposema hutakuwa umeelewa. Nikafikiri, mtoto anaweza kula chakula changu Desemba, akanisaidia vyombo, akanicheka, na bado awe hajaelewa, na mimi nitaliona hilo kila atakaponyanyua sahani. Saa tisa nikaondoka mbio na kandambili za ndani. Mama Fotokopi alikuwa anafunga kwenda msibani, nikamfungulisha. Lakini alipokuwa anaiweka mimi nilitazama kalenda ukutani. Maneno nilimsomea kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo chui wako nilikuwa sijamwona. Niliwaachia watu wengine wamwone, mimi nikatazama Juni.

Jana sikuwa na kalenda. Wamemweka ukuta wa mwisho, peke yake, mkubwa kuliko kitanda changu. Nilipita kwanza kwenye picha zote nyingine, polepole, nikazisifia. Nilisifia hata mgongo wa mbwa wa yule daktari, ambao wameutundika karibu na choo. Nilikunywa chai vikombe viwili. Mama Fotokopi akasema, "Mama Spana, ukinywa cha tatu utamwona huyo chui ukiwa unakimbilia kwenye mgongo wa mbwa." Basi nikaenda.

Sijui nikuelezeje. Nilidhani nitaona meno. Amefunga mdomo. Anatazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na bado hajaamua kama aitike. Na ngozi ile, Spana, nimeshika vitambaa miaka arobaini, sijaona doa moja lililokaa mahali pasipo pake. Jani moja limemwangukia mgongoni na hajalitikisa. Hakutaka kutikisika, maana wewe nawe ulikuwa hutikisiki. Hilo nililiona wazi. Mlikuwa mmetulizana.

Watu walikuwa wengi. Wakija wanazungumza, wakifika pale wanasimama, halafu wanasoma maneno ya chini na kucheka, halafu wanamtazama tena na hawacheki. Mzee mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mpiga picha. Nikamwambia mpiga picha ana kazi, yuko chini ya gari. Akauliza anaitwa nani. Nikamwonyesha jina lako, limechapwa, kubwa, kwenye ubao. Alilisoma kwa sauti. Nikamwomba alisome tena, nikasingizia miwani.

Kisha akaja mama mmoja na mkoba mkubwa, akasimama mbele kabisa, katikati. Alikaa sana. Akaniuliza, bila kugeuka, "Huyu binti alikuwa wapi alipopiga hii?"

Nilitaka kumwambia ndani ya gari, milango imefungwa, hatua thelathini na mbili. Yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimtazama yule mama alivyosimama, na chui alivyomtazama, nikaona kitu ambacho tangu Februari sikukiona.

Nikamwambia, "Alikuwa hapo hapo ulipo wewe. Naomba unipishe kidogo."

Akatazama sakafu, kama vile kuna kitu amekikanyaga, akanipisha.

Nikasimama pale ulipokuwa wewe. Walipokuja kuzima taa niliwaambia wasubiri.

Mama yako